Theatrhythm kwenye kibanda cha gemu Mtwara: kufunga, kusawazisha na kumfundisha mteja

Vibanda vya gemu vya Mtwara na Lindi vinaishi kwa gemu za mpira. Atakayeweka gemu ya mdundo, yaani ya kubonyeza vitufe kwa kufuata muziki, pembeni ya mpira atapata wateja wengine kabisa: wadogo wasiopata zamu kwa kaka zao, mabinti wanaokuja wawili wawili, na watu wazima wanaopenda muziki lakini hawana haja ya kupiga penalti. Inayofaa kuanza nayo ni Theatrhythm Final Bar Line, iliyotoka tarehe 16 Februari 2023 kwa PS4 na Nintendo Switch. Ndani yake mna nyimbo 385 zilizokusanywa kutoka Final Fantasy, mfululizo wa gemu za Japani za kuigiza wahusika ulioanza mwaka 1987, pamoja na gemu ndugu zake. Si lazima mteja awe amewahi kuicheza hata moja kati ya hizo. Muziki wenyewe unamvuta.

Ila gemu hii haivumilii kitu ambacho mpira unakivumilia kila siku, nacho ni kuchelewa. Kwenye mpira, picha ikichelewa sehemu ndogo ya sekunde hakuna anayegundua. Hapa mteja anabonyeza palepale anaposikia mdundo, gemu inamwandikia kakosa, anarudia, inamwandikia kakosa tena. Kisha anasema, "Kaka, padi yako mbovu," anarudi kwenye mpira. Padi mara nyingi ni nzima. Ni tivii au spika.

Kununua

Kabla ya kutoa hela, pakua toleo la majaribio kwenye duka la mtandaoni la PlayStation. Ni la bure, lina nyimbo 30, na ulichofikia humo kinahamia kwenye gemu kamili ukiinunua. Kazi yake kwako si kujiburudisha. Ni kuipima tivii yako na sabufa yako ujue kama zinafaa.

Zikifaa, nunua diski. Kupakua gemu nzima kwa bando la simu ni kuanza biashara na deni, na diski ukiichoka unaiuza. Diski za PS4 hazifungwi kwa eneo, kwa hiyo ya Ulaya au ya Marekani itacheza tu. Kinachofungwa ni nyimbo za ziada: diski ya Ulaya inakubali nyimbo zilizonunuliwa kwa akaunti ya Ulaya, na ya Marekani vivyo hivyo. Watu wengi wamelipia nyimbo wasizoweza kuzifungua kwa kutolijua hilo. Soma pia mgongoni mwa kasha uone lugha zilizomo. Kiswahili hakimo, kwa hiyo utahitaji angalau Kiingereza. Nyimbo za ziada zinafikisha jumla zaidi ya 500, lakini kibanda hakizihitaji. Mteja wa dakika kumi hamalizi 385.

Switch ni nzuri kwa mtu wa nyumbani anayecheza mkononi na hedifoni za waya. Kibandani haifai sana: ni ndogo, inabebeka, na itabebwa.

Umeme

PS4 inakubali umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukishuka kidogo yenyewe haijali. Inachojali ni kuzimika ghafla wakati inaandika kwenye diski yake ngumu. Weka UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, ya VA 650 kwa PS4 moja na tivii moja ya LED ya inchi 32 hadi 43. Haitakupa saa nzima, itakupa dakika chache za kumaliza wimbo na kuzima kwa utaratibu, na hicho ndicho unachokilipia. Sabufa usiichomeke kwenye UPS, itaimaliza betri bure.

Umeme ukikuwahi na PS4 ikawaka kwa kusuasua, izime kabisa. Bonyeza kitufe cha kuwasha bila kuachia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba hivi. Unganisha padi kwa waya, chagua namba 5, Rebuild Database, uiache ifanye kazi. Haifuti michezo wala rekodi. Namba zinazofuata chini yake zinafuta, usizijaribu kwa udadisi.

Kufunga tivii na sauti

Hapa usiwe na haraka.

Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kati ya pigo na pigo. Kwenye ngazi za juu gemu inakutaka ubonyeze hadi mara nne ndani ya pigo moja, yaani kila milisekunde 125. Sasa spika ya Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti milisekunde 100 hadi 200. Maana yake sauti unayoisikia ni ya alama (ishara inayosogea kwenye skrini kukuambia ubonyeze) iliyokwisha pita. Mpiga ngoma aliyewekwa upande wa pili wa uwanja, akisubiri kuusikia mlio wa mwenzake ndipo apige, hawezi kwenda naye sawa hata awe fundi namna gani.

Fuata mpangilio huu.

Kwanza, tivii. Ingia kwenye mipangilio ya picha, washa hali ya gemu. Tivii nyingi zinaiandika Game au Game Mode. Tivii ikiwa kwenye hali ya kawaida inaipamba picha kabla ya kuionyesha: inalainisha mwendo, inaongeza rangi, inapunguza chengachenga. Kupamba huko kunakula muda. Hali ya gemu inayaacha mapambo hayo na picha inafika mapema. Kumbuka kwamba tivii nyingi zinahifadhi mpangilio huu kwa kila tundu la HDMI peke yake. Ukihamisha waya kutoka HDMI 1 kwenda HDMI 2, umerudi mwanzo bila kujua.

Pili, sauti kwa waya. Sabufa iunganishwe na tivii kwa waya wa tundu la hedifoni kwenda tundu la AUX, au kwa waya wenye vichwa vyekundu na vyeupe. Bluetooth ya sabufa izime kabisa, maana nyingine zikiona simu ya mteja zinajiunga nayo zenyewe katikati ya wimbo.

Tatu, sauti na picha zipite njia moja. PS4 ya kwanza na PS4 Pro zina tundu la sauti la mwanga (Optical) nyuma, PS4 Slim haina. Ukilitumia tundu hilo kupeleka sauti moja kwa moja kwenye sabufa, sauti inafika mapema huku picha bado imo ndani ya tivii. Vikiachana hivyo hakuna mpangilio wa gemu utakaovirudisha pamoja, kwa sababu ukisogeza muda wa gemu unamfurahisha jicho na kumkosea sikio, au kinyume chake. Bora vyote vichelewe sawasawa kuliko kimoja kiwahi.

Nne, mahali pa spika. Sauti inatumia milisekunde tatu hivi kwa kila mita. Spika ikiwa mita mbili kutoka kwa mchezaji haina shida. Ikining'inizwa mlangoni kuvuta wapita njia, mita saba kutoka kitini, umeongeza milisekunde 20 kwa mkono wako mwenyewe.

Tano, padi kwa waya. Na hapa wengi wanajidanganya: padi ya PS4 hata ukiichomeka waya inaendelea kuwasiliana kwa Bluetooth mpaka uiambie iache. Nenda Settings, kisha Devices, kisha Controllers, na kwenye Communication Method chagua Use USB Cable. Kama baada ya hapo padi haisikii, huenda waya wako ni wa kuchaji tu na hauna nyuzi za data. Tafuta mwingine. Faida ya pili ya waya ni kwamba padi haiishiwi chaji jioni, wakati wa watu.

Kusawazisha

Gemu inatoa mlio mdogo kila unapobonyeza. Chagua wimbo wa polepole kwenye ngazi ya Basic, iliyo rahisi kuliko zote, bonyeza huku ukisikiliza mlio huo. Ukisikika pamoja na kidole, uko salama. Ukisikika baada ya kidole, kwa mwachano unaoutambua, huko ndiko kuchelewa kwako na umekusikia kwa masikio yako mwenyewe.

Kisha cheza wimbo uleule mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti kabisa, fuata macho. Mara ya pili washa sauti, fuata mdundo, macho yakuonyeshe tu alama ipi inakuja. Mwisho wa wimbo gemu inahesabu umepata ngapi za Critical, Great, Good, Bad na Miss, kuanzia bora kabisa hadi iliyokosa. Andika hesabu zote mbili kwenye karatasi. Zikikaribiana, sauti na picha vinakwenda pamoja. Ukiwa mzuri bila sauti na mbaya ukiwa nayo, sauti ndiyo mkosaji, rudi kwenye waya.

Baada ya hapo tu ndipo uguse marekebisho ya muda yaliyomo kwenye mipangilio ya gemu. Sogeza hatua moja, cheza wimbo uleule, angalia Critical. Zikiongezeka, endelea upande huohuo. Zikipungua, rudi upande wa pili. Usisogeze hatua tano kwa mpigo, na usifanye kazi hii ukiwa umechoka, kwa sababu mkono uliochoka unachelewa wenyewe nawe utakuwa unausawazisha uchovu. Namba ikishapatikana, iandike kwenye plasta uibandike ubavuni mwa tivii. Namba ni ya tivii ile, si ya gemu. Ukibadilisha tivii, unaanza upya.

Mipangilio ina pia kasi ya alama. Wageni wanaipunguza wakidhani wimbo utakuwa rahisi. Wimbo haupungui mwendo hata kidogo. Alama ndizo zinazosogea polepole, na kwa hiyo zinabanana kwenye skrini kama daladala ya saa kumi na mbili. Ongeza kasi kidogo, alama zitaachana na jicho litazitambua. Iache katikati au juu kidogo ya katikati.

Kumfundisha mteja

Usimsomee maelezo ya gemu. Mpe mambo manne.

Alama nyekundu: bonyeza kitufe chochote. Ya kijani: bonyeza na ushikilie, kisha uachie mwisho wake, maana hata kuachia kunapimwa. Ya manjano yenye mshale: sukuma kijiti upande wa mshale. Na la nne, ambalo hakuna anayeliamini mpaka alijaribu: haijalishi alama inapita kwenye mstari upi. Nyimbo za vita zina mistari minne na mhusika mmoja mwisho wa kila mstari, na mgeni anadhani kila mstari una kitufe chake. Hauna. Kitufe kimoja kinatosha mistari yote minne. Ukimwambia hivyo mapema, mabega yake yanashuka palepale.

Nyimbo ni za aina tatu. Za vita ndizo hizo za mistari minne. Za safari, wahusika wanatembea, na alama za kijani ndefu zinapanda na kushuka kama mawimbi, nawe unazifuata kwa kijiti huku umeshikilia kitufe. Aina ya tatu inachezwa juu ya picha za video za gemu zenyewe. Ni chache, na mgeni anaangalia video badala ya alama, kwa hiyo usimwanzishie hapo.

Ngazi ni nne: Basic, Expert, Ultimate na Supreme. Mgeni aanze Basic. Mtoto, au mtu asiyewahi kushika padi, mpe mtindo wa Simple, ambao kila alama inachezwa kwa kitufe kimoja tu. Wawili wakija pamoja wape Pair, wanagawana alama za wimbo mmoja kwa padi mbili. Kwa kibanda huu ndio mtindo wenye thamani kuliko yote. Wanacheka, wanalaumiana, wanalipa tena. Multi Battle, ya hadi watu wanne, inataka intaneti, kwa hiyo isahau.

Ukifungua gemu mara ya kwanza, Series Quests inakupa ufunguo wa kuchagua gemu moja ya mfululizo, na funguo nyingine zinapatikana kwa kumaliza hatua. Kazi hiyo ifanye mwenyewe asubuhi, kabla ya wateja. Nyimbo ulizozifungua huko ndizo zinazoingia kwenye Music Stages, ambako mteja anachagua autakao. Mteja alipie kucheza, si kukufungulia milango. Kikosi cha wahusika wanne kipange siku hiyohiyo na umweke mmoja mwenye uwezo wa kuponya. Upau wa uhai ukiisha wimbo unakatika, na mteja aliyekatiwa wimbo kwenye sekunde ya arobaini atakudai hela yake.

Kosa kubwa la wageni ni kuisubiri alama kwa macho mpaka iguse duara ndipo wabonyeze. Jicho likiona, kidole kinapata habari baadaye, kwa hiyo wanachelewa kila mara kwa kiasi kilekile. Mwambie mteja apige mguu chini kwanza, aushike mdundo, halafu ndipo vidole vifuate mguu. Anayejua kupiga makofi kwenye ngoma anayo tayari akili hii: hatazami mkono wa mpiga ngoma, anajua pigo linakuja lini kwa sababu lililotangulia limemwambia. Waliokulia kwenye sindimba hawahitaji kuelezwa mara mbili. Wanahitaji kuambiwa tu kwamba hii ni kazi ileile.

Kosa la pili ni kukamua. Mtu anaishika padi kama anakamua nazi, dole gumba linakakamaa, na nyimbo mbili baadaye mkono unauma. Kubonyeza kwa nguvu hakuongezi alama. Kwa alama nyekundu zinazofuatana haraka, abadilishane vidole viwili: kushoto kwenye vitufe vya mishale, kulia kwenye vile vya maumbo. Dole gumba moja haliwezi kukimbia wimbo mzima wa Ultimate.

Padi, chumvi na mafuta

Upepo wa bahari unakula chuma, na kibanda cha Shangani au Mikindani kitauona ukali wake kabla ya kile cha Masasi. Meno ya HDMI na USB yanaota ukungu wa kijani. Mara moja kwa mwezi zima kila kitu, chomoa, futa meno ya waya kwa pamba yenye spiriti, acha yakauke, rudisha. Picha inayokatika sekunde moja na kurudi mara nyingi ni ukungu huo, wala si tivii kuharibika. PS4 usiifungie kwenye kabati. Iache na nafasi ya kiganja kimoja kila upande itoe joto.

Korosho za kukaanga ndizo adui wa padi katika mkoa huu, kuliko hata vitumbua. Mafuta ya kitumbua yanateleza tu na yanafutika. Chumvi ya korosho inaingia kwenye shina la kijiti, inavuta unyevu, na baada ya muda kijiti kinasogea chenyewe bila kuguswa. Kwenye mpira mchezaji anatembea kidogo upande mmoja, watu wanacheka. Hapa alama za manjano zinasomwa upande usio sahihi na mawimbi ya safari hayafuatiki kabisa. Pima hivi: anza wimbo wa safari, shikilia alama ya kijani bila kugusa kijiti, tazama kama kiashiria kinapanda au kushuka chenyewe. Kikisogea, padi hiyo ihamishie kwenye meza ya mpira. Weka kitambaa kikavu kwenye kiti, na ndoo ya maji na sabuni mlangoni.

Padi za kuiga kutoka Kariakoo zinafaa kwa mpira. Kwa mdundo chukua padi halisi iliyotumika, hata kama ganda limechubuka. Kabla ya kulipa, bonyeza kila kitufe mara ishirini haraka uone kama kuna kinachogoma.

Bei na saa

Wimbo mmoja ni dakika mbili hivi, na mteja anatumia karibu muda huohuo kuchagua unaofuata. Ukitoza kwa dakika, atakimbilia kuchagua na atakasirika. Toza kwa nyimbo: bei ya mechi moja ya mpira iwe nyimbo tatu. Muda unakaribia kulingana, na mchezaji anajua anachopata. Wimbo uliokatika kwa umeme unarudiwa bure, na uliokatika kwa uhai kuisha unahesabiwa. Liandike hilo ukutani.

Meza hii iweke mbali na ya mpira, mgongo kwa mgongo ikiwezekana, kwa sababu goli likifungwa hakuna atakayesikia mdundo. Kama chumba ni kimoja na kidogo, chomeka hedifoni kwenye tundu la padi, kisha pima upya kama ulivyopima mwanzo, kwa kuwa sauti sasa haipiti tena kwenye tivii na namba ya kwenye plasta haifanyi kazi. Andika ya pili chini yake: "hedifoni".

Kuhusu adhana, kwenye mpira unashusha sauti na mechi inaendelea. Wimbo wa mdundo ukiushushia sauti katikati umemuua mteja. Jua saa ya adhana ya siku hiyo, na usimwanzishie mtu wimbo mpya ikiwa zimebaki dakika tatu. Mwache achague, aupange, asubiri.